Chama cha Whig cha Marekani: marais wanne, miaka minane, na kitambaa cha merikani

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Wengi wetu tunapozungumzia siasa za Marekani huchukulia kwamba Democratic na Republican ni mapacha waliozaliwa siku moja na nchi yao. Ukweli ni kwamba Republican kilizaliwa mwaka 1854, na kwa miaka ishirini hivi kabla ya hapo mshindani wa Democratic alikuwa chama kingine kabisa, chama cha Whig, ambacho kiliingia Ikulu mara mbili kwa kura, kikafiwa na marais wote wawili kiliowachaguza, kikagombana na mrithi wa kwanza na kupasuka mikononi mwa mrithi wa pili. Misiba hiyo ndiyo inayosimuliwa sana. Mimi naona haikukiua. Chama hicho kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa pamba, na pamba yenyewe ililimwa na watumwa. Siku swali la utumwa lilipokosa pa kufichwa, mshono ukafumuka.

Chanzo chake ni chuki dhidi ya mtu mmoja, Rais Andrew Jackson. Mwezi Julai 1832 Jackson alitumia kura ya turufu kuizuia Benki ya Marekani isiongezewe muda wa hati yake, na mwaka uliofuata akaagiza fedha za serikali zisiwekwe tena humo, bali zipelekwe katika benki za majimbo. Waziri wa fedha aliyekataa kuitekeleza amri hiyo alifukuzwa kazi. Tarehe 28 Machi 1834 Seneti ikapitisha azimio la kumkaripia rais, na wachora katuni wakamwonyesha amevaa taji na joho la kifalme huku akiikanyaga Katiba, wakimwita Mfalme Andrew wa Kwanza. Kwa kuwa huko Uingereza kundi lililopinga mamlaka ya mfalme liliitwa Whig, wapinzani wa Jackson walijitwalia jina hilo.

Sasa tazameni nani waliokaa chini ya jina moja. Kulikuwa na Henry Clay wa Kentucky na Daniel Webster wa Massachusetts, waliotaka benki kuu, ushuru mkubwa wa forodha wa kuvilinda viwanda vya Kaskazini, na fedha za shirikisho za kujengea barabara na mifereji. Pembeni yao walikaa mabwana wa mashamba wa Kusini, ambao baadhi yao walimchukia Jackson kwa sababu alitishia kupeleka jeshi South Carolina pale jimbo hilo lilipokataa kutoza ushuru uleule ambao Clay aliupenda. Hawa hawakuwa na sera moja. Walikuwa na mshitakiwa mmoja.

Mwaka 1836 walishindwa hata kukubaliana juu ya mgombea, wakasimamisha watu tofauti katika kanda tofauti, na Martin Van Buren, mtu wa Jackson, akapita. Kilichowaokoa ni mtikisiko wa uchumi wa 1837, ambao ulifunga benki na kuwaacha watu bila kazi, na lawama zote zikamwangukia aliyekuwa Ikulu. Desemba 1839 Whig wakakutana Harrisburg, Pennsylvania. Kila mtu alijua kwamba mwenye chama ni Clay. Jina lake likakatwa. Wajumbe walimpitisha Jenerali William Henry Harrison, shujaa wa pigano la Tippecanoe la 1811, kwa sababu hakuwa na maadui wengi wa kisiasa, wala hakuwa na maneno mengi ambayo angeweza kuulizwa. Mgombea mwenza akawa John Tyler wa Virginia, aliyekuwa Democratic hadi alipokosana na Jackson. Kwetu tungeiita ndoa ya mkeka.

Gazeti moja la Democratic lilimdhihaki Harrison kwamba akipewa pipa la pombe ya tufaha na pensheni kidogo angekaa kwa raha katika kibanda chake cha magogo maisha yake yote. Whig wakaliokota tusi hilo wakalifanya bendera. Vibanda vya magogo vikajengwa katika viwanja vya miji, pombe ikamiminwa bure, nyimbo zikatungwa, mipira mikubwa kuliko kimo cha mtu ikasukumwa kutoka mji hadi mji, na vikombe, leso na vifungo vyenye picha ya kibanda vikagawiwa. Kwa wanaodhani kofia na fulana za kampeni ni uvumbuzi wetu, huo ni mwaka 1840. Harrison mwenyewe alizaliwa katika jumba la shamba kubwa huko Virginia, na baba yake ni mmoja wa waliotia saini Tangazo la Uhuru. Hakuna aliyejali. Takriban wapigakura 80 kati ya kila 100 wenye haki hiyo, wote wanaume na karibu wote weupe, walijitokeza, na Harrison akapata kura 234 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, dhidi ya 60 za Van Buren.

Nitaendelea na marais wenyewe baada ya kusikia michango.

Mchangiaji wa kwanza, Unguja

Maalim, ahsante kwa darsa. Huo mwaka 1840 si ndio mwaka jahazi la Sayyid Said lilipofika New York? Nilisoma habari za nahodha wake nikiwa skuli, lakini sikuwahi kuziweka pamoja na uchaguzi wao. Au nachanganya?

Mleta uzi

Huchanganyi, ndugu yangu, na umenipeleka mahali nilipotaka kufika mwishoni.

Merikebu hiyo iliitwa Sultana. Iliondoka Zanzibar mwanzoni mwa 1840 na ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili, chini ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid na Marekani ulikuwa umetiwa saini Maskati mwaka 1833, katika mwaka uleule Jackson alipokuwa akizihamisha fedha za benki, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alianza kazi Unguja mwaka 1837. Sultana ilimletea rais zawadi, zikiwamo farasi wawili wa Kiarabu na lulu.

Fikirieni wakati wenyewe. Tarehe 14 Aprili, majuma mawili tu kabla ya Sultana kufika, mbunge wa Whig kutoka Pennsylvania, Charles Ogle, alisimama katika Baraza la Wawakilishi akaanza hotuba iliyoendelea kwa siku tatu, akieleza jinsi Van Buren anavyoishi kama mfalme: vioo vyake, mazulia yake, samani zake za Kifaransa, hadi vijiko vya dhahabu mezani. Hotuba ilichapwa na kusambazwa nchi nzima. Katikati ya kelele hizo rais anapelekewa farasi na lulu na mtawala wa Mashariki! Katiba yao haimruhusu rais kupokea zawadi ya mtawala wa nchi ya nje bila ridhaa ya Congress, yaani bunge lao, naye Van Buren hakuthubutu kuzigusa. Suala lilipelekwa Congress na zawadi zikawa mali ya serikali.

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, ni lile lililokuwa likifanyika kila msimu bila hotuba wala zawadi. Merikebu za Salem zilikuja Unguja na majora ya kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa hicho ndicho merikani. Kilipelekwa na misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, na huko bara pima za merikani zilihesabiwa kama fedha. Pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini, ikasokotwa na kufumwa katika viwanda vya Massachusetts, na wenye viwanda hivyo, watu kama Abbott Lawrence na Nathan Appleton, ndio walikuwa nguzo za Whig katika jimbo lile. Kwa hiyo jora moja la merikani katika duka la Unguja lilikuwa limepita katika mikono yote miwili ya chama, ya Kusini na ya Kaskazini. Naomba mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Harrison aliapishwa tarehe 4 Machi 1841 akiwa na umri wa miaka 68. Siku ilikuwa ya baridi na upepo, naye hakuvaa koti wala kofia, akasoma hotuba ya maneno zaidi ya 8,000 kwa karibu saa mbili, iliyojaa habari za Roma ya kale hata baada ya Webster kuipunguza. Ahadi iliyokuwa na uzito humo ni moja: kwamba hatagombea tena, na kwamba kura ya turufu itatumika kwa nadra, kwa kuwa Whig waliamini Congress ndiyo inayopaswa kuongoza. Alifariki tarehe 4 Aprili, siku 31 baada ya kuapishwa. Daktari wake aliandika kwamba ni homa ya mapafu. Watafiti wa miaka ya karibuni wanashuku zaidi homa ya matumbo, kwa sababu maji ya Ikulu wakati huo yalichotwa karibu na mahali palipomwagwa kinyesi cha mji. Ile hadithi ya kwamba aliuawa na hotuba yake inapendeza, ila ugonjwa ulianza wiki tatu baadaye.

Hapo Marekani ikakutana na swali ambalo haikuwahi kuulizwa: rais akifa, makamu anakuwa rais, au anakaimu tu? Katiba yao ilisema kwamba rais akifariki au akishindwa kutekeleza madaraka ya cheo hicho, basi kitu “hichohicho” kitamwangukia makamu. Kiingereza hakina ngeli, hivyo haikujulikana kama kinachoanguka ni cheo au ni madaraka. Ingeandikwa kwa Kiswahili, “kitamwangukia” au “yatamwangukia” ingemaliza ubishi. Tyler aliumaliza kwa njia yake: tarehe 6 Aprili alikula kiapo hotelini Washington, akajiita rais kamili, na barua zilizoandikwa kwa “Kaimu Rais” akazirudisha bila kuzifungua. Wapinzani wakambandika jina la Mheshimiwa Ajali. Desturi aliyoianzisha iliandikwa katika Katiba mwaka 1967 tu.

Clay alidhani atamtawala kutoka Seneti. Alipeleka muswada wa benki mpya, Tyler akautupa kwa kura ya turufu mwezi Agosti; ukapelekwa mwingine, akautupa mwezi Septemba. Tarehe 11 Septemba mawaziri wote walijiuzulu isipokuwa Webster, aliyekuwa na mazungumzo na Uingereza kuhusu mpaka wa Kanada, na siku mbili baadaye chama kikamfukuza rais wake. Alibaki Ikulu bila chama hadi Machi 1845.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, uzi ni mzito, lakini kichwa cha habari nakipinga. Mtu aliyefukuzwa uanachama ndani ya miezi mitano huwezi kumhesabu kuwa rais wa chama hicho. Tyler aliua benki, akaleta Texas ndani ya Muungano pamoja na watumwa wake, na uzeeni akachaguliwa kuingia katika bunge la majimbo yaliyojitenga. Whig walikuwa na marais watatu, na kwa kweli walitawala miaka minne na mwezi mmoja.

Mleta uzi

Pingamizi lako ni la haki na hesabu yako ni sahihi. Namhesabu Tyler kwa sababu moja: aliingia kwa tiketi yao, nao ndio waliomchagua wakijua fika imani yake. Mwaka 1833 yeye peke yake ndiye aliyepiga kura ya hapana katika Seneti dhidi ya sheria ya kumpa Jackson nguvu za kijeshi juu ya South Carolina. Aliyoyafanya Ikulu yalilingana na aliyoyasema miaka yote. Walimtaka kwa kura za Kusini, wakasahau kumuuliza kuhusu benki. (Kwa wanaopenda mambo ya nasaba: mjukuu wa Tyler, siyo kitukuu, amefariki mwaka 2025. Babu alizaliwa 1790, baba 1853, mjukuu 1928.)

Mwaka 1844 Clay alipata tiketi hatimaye, na Texas ikammaliza. Kusini walitaka Texas iingie, Kaskazini walihofia upanuzi wa utumwa, naye akaandika barua za kuwaridhisha wote, ambazo hazikumridhisha mtu. Jimbo la New York alilipoteza kwa kura zipatazo 5,000, huku chama kidogo cha wapinga utumwa, Liberty, kikichukua zaidi ya 15,000 humo. James Polk akawa rais na vita vya Mexico vikafuata mwaka 1846.

Whig wengi walivipinga vita hivyo. Mbunge mmoja mgeni kutoka Illinois, Abraham Lincoln, aliwasilisha maazimio ya kumtaka Polk aonyeshe mahali penyewe ambapo damu ya Wamarekani ilimwagika kwanza. Mbunge mzee kuliko wengi, John Quincy Adams, aliyewahi kuwa rais kabla ya Jackson na ambaye kwa miaka minane alipambana hadi kanuni ya kuzima maombi dhidi ya utumwa ikafutwa mwaka 1844, alianguka kwenye kiti chake bungeni Februari 1848 na kufariki siku mbili baadaye.

Halafu, katika mwaka huohuo wa 1848, chama kilichopinga vita kikamsimamisha jenerali wa vita hivyo, Zachary Taylor. Huyu hakuwahi kupiga kura maishani mwake, na alikuwa na watumwa zaidi ya mia moja. Mkutano mkuu wa Philadelphia haukutoa ilani yoyote. Funika kombe, mwanaharamu apite. Katika Massachusetts chama kikagawanyika waziwazi kati ya Whig wa Pamba na Whig wa Dhamiri, na Charles Sumner, mmoja wa hao wa pili, akalaani mapatano ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa kitanda cha mfumi. Ni kauli inayonirudisha kila mara kwenye lile jora la merikani.

Taylor alishinda kwa kura 163 za wajumbe dhidi ya 127, kisha akawashangaza waliomchagua. Alitaka California iingie Muungano moja kwa moja bila utumwa, na vitisho vya Kusini vya kujitenga havikumtetemesha. Tarehe 4 Julai 1850 alihudhuria sherehe ndefu juani kwenye mnara wa Washington uliokuwa ukijengwa, akarudi na kula matunda na maziwa baridi, akashikwa na tumbo, na tarehe 9 akafariki. Uvumi wa sumu ulidumu kiasi kwamba mwaka 1991 mwili wake ulifukuliwa na kupimwa, na kiwango cha aseniki kikaonekana kidogo mno kuweza kumuua mtu.

Makamu wake, Millard Fillmore, ndiye aliyezaliwa kweli katika kibanda cha magogo, na utotoni alipelekwa kujifunza kazi katika karakana ya nguo. Alibadilisha baraza lote la mawaziri, akamrudisha Webster, na Septemba 1850 akatia saini mapatano ambayo Clay aliyaanzisha: California huru, biashara ya watumwa marufuku katika mji mkuu, na kwa upande wa Kusini, sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Chini ya sheria hiyo mshitakiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe, raia aliyemficha alikabiliwa na faini ya dola 1,000 na kifungo cha miezi sita, na kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimkabidhi mtu kwa bwana, dola 5 akimwachia.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, Fillmore unamwonea. Asingetia saini, vita vya Kaskazini na Kusini vingeanza 1850, wakati Kaskazini haina reli wala viwanda vya kutosha. Ile miaka kumi aliyoinunua ndiyo iliyoshinda vita.

Mleta uzi

Hoja hiyo ina watetezi wengi na sina namna ya kuivunja kwa ushahidi, kwa sababu vita ambavyo havikupiganwa haviachi kumbukumbu. Ninachokipinga ni kumpa sifa ya kuyajua yaliyofuata. Fillmore alidhani amelimaliza jambo, na hilo ndilo kosa lake. Hebu tuwafikirie waliolipia miaka hiyo kumi: mtu aliyekwisha kuishi Boston kama mtu huru anakamatwa mtaani, haruhusiwi kusema neno juu ya nafsi yake, na anayemhukumu ana dola tano za ziada akimtia minyororo.

Kwa chama matokeo yalikuja haraka. Mwaka 1852 wajumbe waliokutana Baltimore walipiga kura mara 53 kabla ya kumwacha Fillmore na Webster na kumchukua jenerali mwingine, Winfield Scott, ambaye aliambulia majimbo manne. Clay alifariki mwezi Juni mwaka huo, Webster mwezi Oktoba. Mei 1854 ikapita sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofungua ardhi mpya kwa utumwa, na Whig wa Kusini wengi wakaiunga mkono. Wiki hiyohiyo mtoro Anthony Burns alikamatwa Boston na kurudishwa Virginia akisindikizwa na askari kupita katikati ya umati wenye hasira. Amos Lawrence, mfanyabiashara wa nguo, mpwa wa yule Abbott niliyemtaja, aliandika kwamba walilala usiku mmoja wakiwa Whig wa kizamani wapenda mapatano, wakaamka wapinga utumwa waliopandwa na wazimu. Mtu wa pamba ndiye anayesema hayo, na fedha zake zilikwenda kuwasaidia walowezi wapinga utumwa Kansas, ambako mji wa Lawrence una jina lake hadi leo.

Waliobaki walitawanyika. Wapo waliokwenda Republican, akiwamo Lincoln, ambaye akiwa rais alisimamia ushuru mkubwa, reli ya kwenda Pasifiki na sheria ya benki za taifa, yaani karibu mambo yote ambayo Clay aliyalilia. Fillmore mwenyewe aligombea mwaka 1856 kwa chama cha wachukia wahamiaji, mabaki ya Whig wakakutana Baltimore kumuunga mkono, na akapata Maryland peke yake. Baada ya hapo Whig hawakukutana tena.

Na kwa ndugu yetu wa Unguja: vita vilipoanza 1861, bandari za Kusini zilizingirwa, pamba ikakosekana katika viwanda vya Massachusetts, na merikani ikaadimika katika maduka ya Zanzibar. Nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na Bombay, ambavyo wateja wa bara walivikunja, wakavipima kwa mkono, na kulalamika kwamba ni vyepesi.